Sifa za Fundi Rejeta

Vijana wenye Subaru Impreza hapa Mwanza humpelekea fundi ombi moja: nishushie joto. Gari limefungwa bomba kubwa la moshi, tabo imeongezwa presha, na sasa kila likipanda kilima cha Bugando sindano inaanza kusogea. Mafundi wengi wana jibu la haraka. Wanatoa thamostati, wanaunga feni dairekti ili izunguke tangu ufunguo unapowashwa, wanapokea hela yao. Ninayemsifu mimi ni yule anayekataa.

Utampata kando ya barabara ile inayotoka mjini, ikapita Mkuyuni, Butimba na Nyegezi kuelekea Usagara. Si lazima awe na kibao. Ana pipa lililokatwa katikati na kujazwa maji, kompresa, mtungi wa gesi, na vyuma bapa vyembamba ambavyo mtu asiyejua angedhani ni takataka. Rejeta ya zamani ya shaba huifungua kwa moto, akapitisha chuma bapa kwenye kila mrija mpaka kutu yote itoke, kisha akailehemu upya kwa risasi. Hizi za sasa za aluminiamu zenye vichwa vya plastiki hazilehemiki hivyo. Inabidi akunjue meno ya bati moja moja, abadilishe raba, ayakunje tena bila kuvunja hata moja. Mwishoni anaziba midomo, anajaza upepo, anaizamisha pipani na kutazama. Povu dogo kuliko kichwa cha kiberiti linatosha kumrudisha mwanzo.

Lakini mikono si sehemu kubwa ya ufundi wake. Sehemu kubwa ni mpangilio wa maswali. Huanza na kitu cha bei ndogo kuliko vyote, mfuniko wa rejeta, na ana haki. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yaliyo wazi huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Mfuniko mzima wenye alama ya 1.1 unayabana maji hayo yasichemke mpaka yakaribie nyuzi 120. Raba yake ikichoka, kinga yote hiyo inapotea, na gari linachemsha huku rejeta ikiwa nzima kabisa. Nimeona watu wakinunua rejeta mpya kwa ajili ya ugonjwa wa mfuniko.

Kisha anainama mbele ya gari. Ziwa letu lina wadudu wale wadogo wanaopaa kwa makundi meusi juu ya maji, na anayeendesha usiku kandokando ya ziwa huwabeba kwa maelfu. Wanakwama kati ya kondensa ya eesii na rejeta, mahali ambapo jicho la mwenye gari halifiki, vumbi linawafuata, na upepo unakosa njia. Fundi mwenye adabu hufungua kondensa na kuosha kutoka nyuma kwenda mbele, kwa maji ya presha ndogo, kwa sababu maji ya nguvu yanalaza vile vibati vyembamba.

Hapo ndipo tunafika kwenye thamostati. Wanaoitoa husema ni kifaa cha nchi za baridi. Sivyo. Thamostati inaweka sakafu ya joto. Dari inawekwa na rejeta. Ile ya Impreza huanza kufunguka kwenye nyuzi 78 hivi, na injini ikifika 95 imekwisha kufunguka yote, haizuii chochote tena. Kuitoa, au kuweka ya michezo inayofunguka kwenye 70, kunapunguza joto la asubuhi na la mwendo wa pole tu. Kilimani, tabo ikiwa inapuliza kwa nguvu zote, hakuna tofauti kama rejeta haimudu. Hasara lakini zipo: kontroli boksi inadhani injini haijapata moto, inazidi kumwaga petroli, na oili inabaki nzito. Katika baadhi ya injini, thamostati ikiondoka, njia ya mkato hubaki wazi, na maji ya moto yanazunguka bila hata kupita kwenye rejeta. Umetoa kifaa ili upoze, gari linazidi kuchemsha.

Sikatai kwamba nyuzi chache pungufu zina faida kwa gari la mbio. Hedi iliyopoa inapunguza mlipuko wa mapema unaotoboa pistoni, na tabo ndiyo inayoukaribisha. Ila upungufu huo hununuliwa kwa rejeta nene zaidi, feni zenye kava linalozuia upepo usipite pembeni, na kipoza oili.

Kazi inayonivutia kuliko zote haina kifaa. Injini ya Subaru imelala, pistoni zinakwenda kushoto na kulia, na hewa hupenda kujificha humo maji yanapojazwa. Fundi huliinua gari pua juu, anamimina polepole, anaminya mipira kwa mkono, anafungua hita mpaka mwisho, anasubiri feni iwake yenyewe, izime, iwake tena. Mwenye gari anatazama saa. Hewa ikibaki, hedi ya aluminiamu inaungua mahali pamoja, inapinda, gasketi inakufa, na bili inakuwa ya injini nzima.

Impreza ilijipatia jina katika ukanda huu kwa matope na jua. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda nayo Safari Rally nchini Kenya, katika barabara ambazo tope likiziba rejeta, mbio zimekwisha. Nyuma ya ushindi wa namna ile walikuwapo watu wa kusafisha, kubana na kutoa hewa, ambao picha za kombe haziwaonyeshi.

Kwa hiyo ukifika Butimba na gari lako, usimwambie fundi afanye nini. Mwambie linachemsha wapi: kilimani, foleni, au barabara ndefu. Akianza na mfuniko, mwachie funguo, na akimaliza usibishane naye bei.