Mopedi na Macho ya Watu

Katika hadithi za wanyama popo hana kwao. Ndege humkataa kwa kuwa ana meno na hunyonyesha, na wanyama humkataa kwa kuwa ana mbawa. Chombo kinachohakikiwa hapa kina msiba kama wa popo huyo. Mopedi ni baiskeli iliyotiwa injini ndogo, ambayo ujazo wake hauzidi sentimita 50, na kwa asili yake ina pedali za kukanyagwa kwa miguu. Jina lake lilibuniwa Uswidi katika mwaka 1952 na mwandishi wa magazeti, Harald Nielsen, aliyechukua kipande cha neno la mota akakiunga na kipande cha neno la pedali. Mwaka huo huo sheria ya Uswidi ilikitenga chombo hiki na pikipiki, ili kijana wa miaka 15 aweze kukiendesha bila ya leseni, kwa masharti kwamba kiwe na pedali na kisipite mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Kwa hiyo, kabla ya kuwa kipando cha mtu yeyote, mopedi ilikuwa kifungu cha sheria. Ilizaliwa katika nafasi iliyoachwa wazi kati ya vyombo viwili vilivyokuwa vimekwisha pata majina na heshima zao.

Sheria ikitaka pedali, kiwanda hutia pedali. Jambo hili lilionekana waziwazi Uingereza tangu mwaka 1971, pale vijana wa miaka 16 walipozuiwa kuendesha pikipiki wakaachiwa mopedi peke yake. Kampuni ya Yamaha ya Japani ikawapelekea chombo kilichoitwa FS1-E. Kwa umbo kilikuwa pikipiki kamili: tangi mbele ya magoti, gia za kubadili kwa mguu, na mlio wa majigambo. Pedali zake zilikuwapo, walakini ziliweza kugeuzwa na kufungwa pamoja zikawa mahali pa kuwekea nyayo tu. Ni nadra kuona pambo lililowekwa kwa ajili ya hakimu na si kwa ajili ya mtazamaji. Mwaka 1977 sheria ikabadilika, mwendo ukapunguzwa mpaka maili 30 kwa saa, na haja ya pedali ikaondoka. Wale waliokuwa na miaka 16 siku hizo sasa ni watu wazima wenye mvi, na wengi wao hukitaja chombo kile kwa mapenzi ambayo hawayaonyeshi kwa motokaa walizozimiliki baadaye.

Mfano huu una faida kubwa kwa uhakiki, maana unakanusha dai linalokaririwa na wenye vyombo vikubwa, kwamba mopedi hudharauliwa kwa sababu ni ndogo na dhaifu. Kama udogo ungekuwa ndio sababu, kijana wa Uingereza wa mwaka 1973 angekificha chombo chake uchochoroni. Hakukificha, kwa kuwa rika lake zima lilikuwa nacho. Ufaransa kadhalika. Solex, ambayo huzungushwa na kigurudumu kinachosugua tairi la mbele, iliingia sokoni mwaka 1946, na Mobylette mwaka 1949, katika nchi iliyotoka vitani ikiwa haina fedha ya motokaa. Vyombo hivyo viliwabeba wafanyakazi, wanafunzi, waalimu na makasisi, wala hapakuwa na aliyeshuka akiwa na aibu. Dharau, basi, haimo katika chuma. Huja pale ambapo mtazamaji anaamini kwamba aliyepanda mopedi amekosa kitu ambacho kila mtu mwingine anacho.

Marekani ndipo imani hiyo ilipokomaa. Mopedi zilimiminika huko baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, zikitoka viwanda vya Ulaya kama Puch wa Austria na Tomos wa Slovenia, na zikauzwa kwa wingi mpaka mwisho wa muongo ule. Lakini zilifika katika nchi ambayo motokaa ilikuwa imekwisha kuwa dalili ya utu uzima. Mafuta yaliposhuka bei, zilisukumwa mabandani zikaota vumbi. Zilizobaki barabarani zikawa na maana mpya. Katika jimbo la North Carolina, mathalani, sheria haimtaki mwenye mopedi awe na leseni ya udereva, na kwa sababu hiyo waliopokonywa leseni kwa kosa la kuendesha motokaa wakiwa wamelewa hupata humo njia ya kufika kazini. Wenyeji wakakibandika chombo jina la mzaha linalokiunga na pombe. Tangu hapo, dereva anayemkuta mtu mzima juu ya mopedi hamwoni msafiri. Humsoma kama hukumu ya mahakama inayotembea. Huenda mtu huyo hajaonja pombe maisha yake yote. Jina likishatangulia, mwenye jina hana la kusema.

Dereva wa motokaa, hata hivyo, si mwenye dharau kali kuliko wote. Aghalabu yeye hana chuki, ana haraka. Mopedi kwake ni kizuizi kama ng'ombe aliyelala njiani, tofauti ni kwamba ng'ombe huogopwa kwa uzito wake. Dharau yenye ladha ya undugu uliokanwa hutoka kwa mwenye pikipiki. Waendesha pikipiki wa Marekani wana desturi ya kusalimiana wanapopishana: mkono wa kushoto huachia ushikio na kuteremshwa, vidole viwili vikielekea chini, bila ya kupunguza mwendo. Salamu hii haiulizi jina wala kabila. Walakini ubishi umedumu miaka mingi miongoni mwao kama mwenye mopedi anaistahili. Wanaokataa husema kwamba salamu ni ya watu walioichagua hatari kwa hiari yao, na kwamba mwenye mopedi hapandi njia kuu ambako hatari hiyo iko. Hoja hii ni dhaifu. Mwenye mopedi yuko wazi kwa mvua, mchanga na bamba la motokaa sawasawa na yeye, na hana mwendo wa kumwokoa. Msomaji aliyelelewa katika adabu ya Uswahilini, aliyefundishwa kuwa kutoa salamu ni sunna na kuiitikia ni faradhi, atatambua mara moja uzito wa mkono usioachia ushikio. Kumnyima mtu salamu si kumsahau. Ni kumpa habari kwamba ameonekana na amehesabiwa nje.

Kuna pia mzaha mchafu wa Kiingereza, ulioenea sana, ambao hulinganisha mopedi na mwanamke mnene: kwamba vyote viwili hufurahisha mpaka rafiki zako wakuone. Mzaha huu ni wa kishenzi kwa mwanamke, wala haufai kurudiwa kwa kuchekesha; lakini mhakiki hana ruhusa ya kuupita, kwa kuwa unaungama zaidi ya ulivyokusudia. Unakiri kwamba raha ipo. Unakiri kwamba aibu haikutoka kwa mpandaji wala kwa chombo, ila kwa jicho la rafiki. Mwenye kuusema anajitangaza kuwa mtu asiyethubutu kupenda kitu pasipo idhini ya kundi lake, na bado hucheka akidhani aliyedhihakiwa ni mwingine.

Uholanzi kisa ni kinyume, na si kirefu. Huko dharau hutoka chini. Mopedi za daraja la pole, zisizoruhusiwa kupita kilomita 25 kwa saa, zilipewa njia za baiskeli, na wapanda baiskeli wakalalamikia moshi wao, upana wao na mwendo uliokuwa mara nyingi zaidi ya ulioandikwa. Aprili 2019 mji wa Amsterdam ukaziondoa katika njia hizo na kuzitia kati ya motokaa, na wapandaji wakalazimishwa kuvaa helmeti. Popo amefukuzwa na ndege vilevile.

Katika hali hii ndipo liingie kundi ambalo limelijibu bezo kwa namna inayostahili kusomwa kama fasihi. Mwaka 1997, katika mji wa Kalamazoo jimboni Michigan, vijana watatu walianzisha chama cha wapenda mopedi wakakiita Jeshi la Mopedi. Chama hicho kikazaa matawi katika miji mingi ya Marekani. Wanachama huvaa koti zenye nembo mgongoni, na wito wao ni kuvamia kama kundi la nyuki na kuangamiza. Maneno hayo ni ya vita. Chombo chenyewe kina nguvu za farasi mbili hivi, na hunguruma kama mashine ya kukatia majani. Umbali kati ya maneno na chombo ndio sanaa yao yote.

Waliosoma tendi za Kiswahili wanajua jinsi shujaa anavyopambwa: farasi wake hutajwa, upanga wake hutajwa, na vumbi la mwendo wake hufunika jua. Tashtiti huchukua mapambo yale yale ikamvika asiyestahili, ili kicheko kizaliwe. Swali la mhakiki ni kicheko hicho kinaelekezwa kwa nani. Msomaji mvivu atasema vijana hao wanajicheka wenyewe. Hasha. Koti lenye nembo ni vazi la magenge ya pikipiki ya California, ambayo tangu mwisho wa miaka ya 1940 yalijitwalia sura ya wahalifu mashujaa, na sinema ya mwaka 1953 iliyochezwa na Marlon Brando ikaitangaza sura hiyo ulimwenguni. Vazi lile likivaliwa na mtu aliye juu ya mopedi, kinachopungua heshima si mopedi. Ni vazi. Mtazamaji huanza kushuku kwamba hata yule mwenye pikipiki kubwa alikuwa amevaa mchezo tangu mwanzo. Hili ni jibu la akili sana kwa mkono ulionyimwa. Laweza kulinganishwa na la vijana wa Uingereza wa mwaka 1964, waliopanda Vespa na Lambretta wakapigana na wenye pikipiki katika fukwe za Clacton na Brighton. Wao waliijibu dharau kwa urembo: suti zilizokatwa vizuri, na vioo vya pembeni vingi kuliko haja. Kicheko cha Kalamazoo kinakwenda mbali zaidi, maana urembo ungali unamwomba mtazamaji akubali.

Je, huu ni utani? Mwandishi wa Kiafrika hushawishika kuuita hivyo, lakini ni lazima ajizuie. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi una haki ya pande mbili: anayetania leo hutaniwa kesho, na msibani watani hutumikiana. Kati ya mopedi na motokaa haki hiyo haipo, kwa sababu dereva akikosea mzaha wake mwenzake hufa. Kadhalika haifai kuwafananisha upesi wanachama hawa na waendesha bodaboda wa Afrika Mashariki. Hao nao husemwa vibaya na wenye motokaa, lakini umoja wao umetoka kazini. Kijiwe ni mahali pa riziki, na mwenzao akigongwa hukusanyika kwa sababu kesho atagongwa mwingine. Wao hawana nafasi ya kuigeuza dharau kuwa vazi.

Na hapa ndipo kasoro ya kundi la Kalamazoo na wafuasi wake inapoonekana. Kwanza, udogo walioufanya bendera hawauvumilii. Burudani yao kubwa ni kuitia nguvu injini: silinda ya asili hutolewa ikatiwa ya ujazo wa 70, kabureta kubwa zaidi hufungwa, na bomba la moshi hubadilishwa kwa lingine lililotanuka tumbo. Puch Maxi, iliyoundwa kwenda kilomita 40 au zaidi kidogo, huanza kupita 80, nayo ingali na magurudumu membamba na breki zilizokusudiwa mwendo wa mzee aendaye sokoni. Ufundi ni wa kusifiwa. Hapana shaka kwamba anayeweza kuitengeneza injini ya namna hii kwa mikono yake ana elimu ambayo wenye pikipiki mpya wameipoteza. Lakini kinaya kinadhoofika. Mtu anayejigamba kwa unyonge huku akiuondoa usiku bandani mwake anataka sifa mbili zisizokaa katika chungu kimoja.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Wapenda mopedi wanazo pedali, na wamezifanya ukoo. Chombo cha sentimita 50 kisicho na pedali, hasa skuta za plastiki za bei nafuu, wamekitungia jina la kukikana, nopedi, yaani mopedi isiyo mopedi. Pedali ambazo serikali ziliziweka ili kumtofautisha asiye na leseni, na ambazo kijana wa Uingereza alizifunga ili asizione, sasa ndizo hati ya uungwana. Waliokataliwa mlangoni wamejenga mlango wao.

Anayeachwa nje ya mlango huo anajulikana. Ni mpishi wa mkahawa anayerudi usiku wa manane, ni mhamiaji asiyeweza kupata leseni, ni yule mlevi wa jana anayejaribu kuihifadhi kazi yake leo. Hakukichagua chombo chake kwa kinaya. Alikinunua kwa kuwa kilikuwa rahisi na basi haipiti kwao. Injini yake ni ya sentimita 50 kama yao, na motokaa zinazompigia honi nyuma ni zile zile zinazowapigia wao. Mwenye pikipiki hamsalimu, jambo alilokwisha kulizoea. Kisha kundi la koti zenye nembo linapishana naye njiani, safu ya vyombo ishirini vyenye pedali zinazong'aa, na mikono yote arobaini imo ushikioni.