Nani Kampa Jina Hilo?

Muulize kijana yeyote aliyemaliza kidato cha nne waandishi wanawapaje wahusika majina, atakujibu fasta kama anayesoma ubaoni: majazi! Yaani jina linabeba tabia. Mlafi anaitwa Tumbo, mpole anaitwa Subira, basi, alama umezipata. Mimi sina ugomvi na alama hizo. Ugomvi wangu ni kwamba tunamaliza shule, tunashika kalamu, halafu tunaendelea kujibu mtihani ule ule.

Tukibanwa tunamsingizia Shaaban Robert. Eti hata mzee alifanya hivyo! Ni kweli. Katika Kusadikika, Karama anashitakiwa na waziri anayeitwa Majivuno. Katika Utubora Mkulima shujaa ni Utubora mwenyewe. Lakini angalia alifanyia wapi. Kusadikika ni nchi ya angani. Haina kituo cha basi, haina kadi ya kliniki, wala hakuna bibi aliyekaa mkekani akimtafutia mjukuu jina. Ni nchi ya mawazo, na wakazi wake wanaitwa kwa mawazo. Wewe mwenzangu umemweka mtu wako Manzese, umempandisha daladala, umemnunulia chipsi, halafu unamwita Bwana Fisadi. Nani kampa jina hilo? Mama yake alimtazama akiwa na siku saba akasema huyu atakuja kula fedha za ushirika?

Maana kwetu mara nyingi jina halitabiri mtoto atakuwa nani. Linaeleza alipozaliwa kulikuwa na nini. Chausiku kazaliwa usiku, Mwajuma Ijumaa, Masika wakati wa mvua. Tabu, Shida na Mashaka si lazima wawe watu wa matatizo. Waliokuwa na matatizo ni wazazi wao, na pengine ni ugomvi tu wa mama na mawifi zake. Kwa Wasukuma, Kulwa na Doto ni pacha, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Ukimwandika Shija peke yake, msomaji wa Shinyanga anajua tayari kuna wawili waliomtangulia, na usipowaonyesha ataanza kuuliza wako wapi, au wamekufa? Umepata kisa cha bure. Hata Mwalimu, jina Nyerere lilikuwa la baba yake, maana yake viwavi kwa Kizanaki, ukumbusho wa viwavi waliovamia nchi. Yeye mwenyewe akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, na Julius likaja alipobatizwa mwaka 1943. Viwavi, mvua na Roma kwa mtu mmoja! Hapo hakuna jina hata moja lililojua habari za Ujamaa.

Waandishi waliofuata walilielewa jambo hili vizuri kuliko sisi tunaowasoma. Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, alichukua jina analoitwa Bikira Maria katika Litania na kumtwisha binti wa Zakaria, mlevi anayewalinda wanawe kwa bakora. Jina hilo ni matumaini ya watu wengine juu ya mwili wa msichana. Rosa hawezi kulibeba, na anaishia kujiua. Katika Dunia Uwanja wa Fujo kijana anaitwa Tumaini, na mwisho wake ni kunyongwa. Jina linavuta huku, maisha yanavuta kule, na katikati ya mvutano huo ndipo riwaya inapopumulia.

Halafu kuna Maimuna wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980. Anatoroka kwao, anaangukia kwenye ulevi na kuuza mwili, lakini mwandishi hakumnyang'anya jina. Maimuna ni jina la Kiarabu, mwenye baraka, na wapo mabinti wengi wa pwani wanaoitwa hivyo. Anapodhalilika, anayedhalilika ni mtu mwenye jina kama la dada yako.

Nalisema hili kwa sababu ya hadithi moja iliyosomwa kwenye kikundi chetu cha uandishi. Msichana anatoka kijijini, anakuja mjini, anaishia kuwekwa nyumba na mzee mwenye pesa. Ndani yake mna tukio zuri ajabu: usiku wa manane anafua sare ya mdogo wake, haikauki, anaikausha kwa pasi ya mkaa huku akiipuliza majivu isichafuke. Jamani, nani asingependa kuandika hivyo? Lakini msichana anaitwa Tamaa. Kabla hajafungua mdomo keshahukumiwa. Na yule mzee aliyemweka nyumba? Anaitwa Bwana Juma. Juma tu, kama mtu yeyote. Nikahesabu hadithi nyingine za kikundi, nikakuta ni hivyo hivyo: Tamaa, Tabiambaya, Kicheche ni wanawake na watu wa mabondeni, wakati wanaume wenye magari wana majina ya kawaida.

Wapo watu waliopewa hukumu kuwa jina kwelikweli, si vitabuni tu. Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) anatuwekea mtumishi anayeitwa Kijakazi. Mjakazi ni mtumwa mwanamke. Utumwa Zanzibar ulifutwa kisheria mwaka 1897, Mapinduzi yalikuja 1964, na bado katika kasri lile jina linaitwa kila siku, lete chai, Kijakazi, funga mlango, Kijakazi. Shafi hakuhitaji kulibuni. Majina ya namna hiyo Visiwani yalikuwepo.

Na hapa Shaaban Robert anarudi, safari hii hayuko angani. Aliandika Wasifu wa Siti Binti Saad, habari za mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba miaka ya 1880 hivi. Mama huyo hakuzaliwa Siti. Alipozaliwa aliitwa Mtumwa. Aliuza vyungu, akaingia mjini, akaimba, mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri, na jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, akalipata ukubwani kwa sauti yake. Alikufa mwaka 1950 akiitwa hivyo.