Utando wa Gundi

Fundi marumaru ninayemsifu hapa ni mzee wa Mwanga, Kigoma. Siku moja, akiwa na kazi kwenye baraza ya nyumba Ujiji, kabla hata ya kufungua mfuko wa gundi, alimwambia saidia fundi wake atafute turubai, azibe upande wa ziwani. Kiangazi kilikuwa kimekolea, na upepo wa Tanganyika uliingia barazani bila hodi. Mwenye nyumba akaona anacheleweshwa.

Gundi ya saruji haiwi ngumu kwa kukauka. Saruji huyahitaji maji yake. Ila ikishatandazwa, maji ya juu hutangulia kuondoka, na vile viambato vilivyotiwa kiwandani ili kuyashika hujikusanya usoni na kuacha utando kama wa uji uliopoa. Ndani bado mbichi, juu pamefungwa. Marumaru ikiwekwa hapo imekalia utando tu. Viwango vya Ulaya vinataka gundi ya kawaida iwe bado inashika dakika 20 baada ya kutandazwa, lakini hupimwa maabara, kwenye nyuzijoto 23 na unyevu wa hewa asilimia 50. Baraza ya Ujiji saa saba mchana haina huruma hiyo.

Mzee alitandaza sehemu ndogo, ya marumaru tatu au nne, akapitisha mwiko wa meno. Kisha akagusa tuta moja kwa ncha ya kidole, akakitazama. Kikitoka na gundi, anabandika. Kikitoka kikavu, anakwangua yote na kutupa. Maji hanyunyizii: hayaurudishi ubichi, yanaongeza udhaifu palepale panapotakiwa kushikana. Mara mojamoja aling'oa marumaru aliyoiweka muda huohuo, akaigeuza, aone kama gundi imeenea mgongo mzima. Hapo ndipo aliponiteka. Nani siku hizi anabandua kazi nzuri ili aikague?

Uangalifu wa namna hiyo hatujazoea kuuthamini. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na stesheni ya Wajerumani tunawaonyesha wageni kwa fahari. Mafundi walioisimamisha hatuwataji. Wa leo tunawahesabia mita. Kijana anatandaza ukuta mzima, anapokea simu, anarudi na kopo la maji. Tena marumaru za kaure tunazozipenda karibu hazinywi maji kabisa, zinategemea gundi ibebe kila kitu. Gonga kwa ukucha ukuta wa bafu jipya, usikie unavyolia utupu.

Yule saidia fundi sasa anajitegemea, huko Gungu. Anasema kung'oa marumaru iliyokwishakaa ni kujitafutia njaa. Kwa bei tunazompa, hajakosea.