Namna ya Kulisoma Jani la Migori

Mtu akikuletea sigaa, ile nene inayoviringwa kwa majani matupu bila karatasi, akakuambia imetengenezwa kwa tumbaku ya kaunti ya Migori, inuse kabla hujatoa pesa. Ikinukia nyasi kavu na asali, basi tumbaku ni ya Migori kweli, ila sigaa ni ya uongo. Jani la Migori ni la mvuke, yaani hukaushwa kwa joto la bomba bila moshi. Sukari yake hubaki ndani, na jani lenye sukari nyingi likisokotwa nene huwaka kwa joto na kuuma ulimi. Ni jani la sigara ya karatasi, na katika aina yake lina ubora wa kuringia na wajuzi wake, ambao wengi hawana cheti wala koti jeupe. Utawakuta Uriri, Suna na Kuria, wamekaa mbele ya tanuru usiku wa manane, kipimajoto mkononi.

Mimi nadhani hao ndio wa kujifunza kwao. Mpenzi wa sigaa wa Nairobi au Kisumu huanza na lebo na sanduku la mbao. Mkulima huanza na mche.

Mche mmoja wa tumbaku una tumbaku kadhaa. Majani ya chini ni membamba, yana vumbi na mchanga uliorushwa na mvua, yanaungua upesi na hayana nguvu. Ya katikati ni mapana, yenye sukari kuliko mengine. Ya juu ni mazito, yana mafuta, na nikotini hupanda kadiri unavyopanda shina. Ndiyo maana mkulima hukata ua mapema na kung'oa machipukizi: chakula kilichokuwa kiende kwenye mbegu kinarudi kwenye majani. Ndiyo maana pia havuni shamba lote kwa siku moja. Huchuma majani mawili matatu kutoka chini, akaacha, akarudi baada ya siku kadhaa. Anayechanganya majani ya chini na ya juu kwenye ufito mmoja wa kutundikia ameshaharibu kazi kabla moto haujawashwa, kwa sababu hayakauki kwa mwendo mmoja.

Kuiva nako kuna dalili zake. Jani hupauka kutoka kijani kibichi kwenda kwenye manjano, uti wake huwa mweupe, na ukilivuta kuelekea chini huvunjika mara moja kwa sauti. Lisiloiva hung'ang'ania shina na huchanika na ganda. Wachumaji wazoefu hungoja umande ukauke, na si kwa uvivu: nikotini hupenya ngozi kupitia jani bichi lenye maji, na mchumaji hupata kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika. Hilo ni la kukumbuka kila unaposikia jani likisifiwa.

Sasa twende banini, maana hapa ndipo jani hupatikana au hupotea. Bani ni chumba kirefu kwenda juu, cha matofali au udongo, chenye tanuru lililofunguka nje na mabomba ya bati yanayozunguka sakafuni kabla ya kutoka kwenye dohani. Moto haugusi jani, wala moshi haupaswi kulifikia. Joto la bomba tu ndilo linalofanya kazi. Kuni zake nyingi siku hizi ni za mikaratusi, na bei yake ni nusu ya maumivu ya mkulima.

Kwa siku mbili za mwanzo, pengine na zaidi, joto hukaa nyuzi 35 hadi 40 hivi na unyevu huachwa mwingi. Jani bado li hai. Linapumua, linakula wanga wake na kuugeuza sukari, na kijani kinafifia ili manjano yaliyokuwa yamejificha yaonekane. Huu ndio wakati wa subira. Ukiharakisha moto, jani linakufa na kijani chake, na kijani kikishakaushwa ndani hakitoki tena. Utakikuta ukingoni na kando ya mishipa, na ladha yake ni chungu ya majani mabichi. Ukichelewa, jani linajila kupita kiasi, linageuka kahawia na kuwa jepesi kama sponji. Kisha joto hupandishwa polepole kukausha ubapa wa jani, na matundu ya hewa hufunguliwa. Hapa kosa ni la aina nyingine: joto likiruka wakati jani bado lina maji mengi, linaungua kwa mvuke wake lenyewe na kutoka na mabaka meusi. Mwisho ni uti, ambao hutaka nyuzi 70 na kidogo. Kazi yote huchukua siku tano hadi saba, na tanuru haliachwi lilale. Mke na mume hupokezana. Uti ukivunjika kwa mlio mkavu kwenye ufito wa juu kabisa na wa chini kabisa, moto huzimwa.

Jani linalotoka hapo huvunjika likiguswa. Kwa hiyo milango hufunguliwa usiku ili hewa ya alfajiri ililainishe, ndipo lishushwe.

Uchambuzi ufanyike mchana, kwenye mwanga wa nje. Usilisome jani chini ya taa ya stima, hasa yenye mwanga wa manjano, maana taa hiyo hulipendelea jani baya. Msimbo wa daraja una herufi ya sehemu ya shina, tarakimu ya ubora na herufi ya rangi, na mnunuzi huuandika kwa sekunde chache huku robota likipita. Wewe chukua muda wako. Anza na rangi: limau, chungwa, kahawia iliyoiva. Mgeni hukimbilia limau safi isiyo na doa, kwa sababu inapendeza. Mjuzi hukimbilia chungwa. Tena hababaishwi na vidoadoa vidogo vya kahawia vilivyotawanyika, kwani mara nyingi ni alama ya jani lililoachwa likaiva shambani. Kinachomtisha ni uso laini, unaoteleza na kung'aa, usio na chembechembe za kuhisika kwa kidole. Jani la namna hiyo lilichumwa likiwa changa, na rangi nzuri ni ya juu juu tu.

Kisha mguso. Kusanya jani kiganjani, lifinye, liachie. Zuri hufunguka taratibu, bila kuvunjika na bila kubaki limekunjamana. Kunja uti wake kwenye upande mnene: uvunjike, huku ubapa ukibaki laini. Uti ukipinda kama kamba, kuna maji humo, ama bani lilifunguliwa mapema ama mtu amenyunyiza ili mizani iseme zaidi. Robota la namna hiyo hupata joto kwa ndani na kuota ukungu, na ukungu una harufu ya nyumba iliyofungwa tangu masika. Na kwa kuwa tumeshafika kwenye harufu: jani la Migori lisinukie moshi hata kidogo. Likinukia, bomba lilipasuka. Ukitaka tumbaku ya moshi, ambayo moshi ndio sifa yake, nenda Bungoma na Busia, ambako jani hutundikwa juu ya moto wenyewe na kutoka jeusi na lenye nguvu. Kila moja lihukumiwe kwa sheria yake.

Jaribio la mwisho ni moto. Choma ncha ya jani, zima mwali, uache kaa litembee. Jani jema huendelea kuungua polepole na kuacha jivu jeupe au la kijivu. Likizimika na kuacha jivu jeusi, mara nyingi tatizo ni klorini, na klorini huletwa na mbolea isiyofaa. Tumbaku hupenda potasiamu, lakini si ile inayokuja pamoja na kloridi. Mkulima aliyetumia mbolea ya mahindi au ya miwa kwenye tumbaku ili kuokoa shilingi hulipia hapo.

Kuna udanganyifu wa pande zote mbili, na ni haki kuutaja wote. Wako wakulima wanaoficha majani mabovu katikati ya robota na kupamba nje. Lifungue, ingiza mkono hadi moyoni. Angalia pia nyuzi za plastiki na manyoya ya kuku, ambavyo havichujiki na vikiungua hunuka. Upande wa pili, mkulima wa mkataba hupewa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, na deni hukatwa siku ya mauzo. Daraja likishuka nafasi mbili, msimu mzima unaweza kuishia kwenye deni. Nimewaona wazee wakitazama msimbo ukiandikwa kwenye jani walilokesha nalo, wakaondoka bila neno kwa sababu hakuna aliyewafundisha kuusoma. Ujuzi wa daraja ungefaa kubandikwa ukutani kwa Kiswahili, Kijaluo na Kikuria.

Turudi kwenye sigaa: tofauti yake na sigara ya karatasi ni wakati. Jani lake hutundikwa kwenye banda lenye hewa, bila moto, kwa wiki kadhaa. Linajila polepole hadi sukari inakaribia kuisha, kisha linarundikwa ili lichachuke lenyewe, amonia itoke na ukali upungue. Moshi wake huwa na asili ya magadi, na nikotini hupita kwenye utando wa mdomo bila kuvutwa kifuani. Bibi zetu walilijua hilo bila maabara: waliotia magadi kwenye ugoro walikuwa wakifanya kazi ileile. Afrika inalo jani lake la heshima katika ulimwengu huu, gamba (jani la nje la sigaa) la Kamerun, jembamba lenye chembe uso mzima, linalotafutwa na mafundi wa ng'ambo ya Atlantiki. Kusini zaidi, Msumbiji imetoa Bongani, sigaa za kusokotwa Maputo. Kenya hatujafika hapo.

Ukipata sigaa ya kweli, isome kwa vidole kuanzia ncha hadi mkia. Isiwe na mahali pagumu kama fundo wala palipo tupu. Mishipa ya gamba iwe midogo, uso uwe na mafuta kidogo. Vuta kabla ya kuwasha: hewa ipite bila kulazimishwa. Na kwa aliye Homa Bay, pana onyo la ziada. Sigaa hutaka unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na ziwa linaweza kukusaidia kwa hilo, lakini joto la kule huamsha mdudu wa tumbaku, ambaye mayai yake husafiri ndani ya jani. Ukiona vitundu kama vya sindano kwenye gamba, sanduku zima lina shaka.

Tumbaku haitembei peke yake: Wamarekani hupenda sigaa na besiboli, na bia waliyoipika nyumbani. Sisi tuna redio na Gor Mahia, klabu ya soka ya tangu 1968, tuna ubao wa mchezo wa ajua chini ya mti, na tuna pombe yetu ya busaa. Juu ya busaa nina maoni makali. Nzuri huanza na unga wa mahindi uliochachushwa kisha ukakaangwa juu ya bati hadi rangi ya kahawia, usiungue, maana uchungu wa unga ulioungua hautoki hata ukiongeza kimea maradufu. Kimea kiwe cha wimbi, kilichochipua sawasawa na kukaushwa juani. Kinywaji kikiwa tayari kiwe na uchachu safi, harufu ya mkate, na povu jepesi linalosikika ukiinamisha sikio. Kikishalala siku mbili, kimepita wakati. Wazee wa Kijaluo walikinyonya kwa oseke, mrija mrefu wenye chujio mwishoni, kutoka chungu kimoja, na mrija ule ulikuwa pia kipimo: makapi yakipita, mpishi aliambiwa palepale. Kiko kilikaa pembeni, na tumbaku yake ilikuwa ya kusokota ya sokoni. Busaa yenye uchachu hukata uzito wa tumbaku nzito vizuri kuliko bia baridi, hili nitalitetea popote.

Lakini ujuzi huu wa tumbaku unahusu kitu kinachoua, sigaa ikiwemo, hata kama haivutwi kifuani. Kinywa na koo haviko salama. Kenya ilitia saini na kuridhia mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, ikapitisha sheria yake mwaka 2007, na kwa sheria hiyo huruhusiwi kuvuta hadharani wala kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Mashambani nako upepo unageuka. Mwaka 2022 serikali pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya WHO, FAO na WFP walianzisha Migori mpango wa kuwatoa wakulima kwenye tumbaku, na zao la kwanza walilopewa ni maharagwe ya Nyota, yenye madini ya chuma kwa wingi, yasiyohitaji tanuru wala kukesha.

Kwa hiyo ukitaka kuliona jani la mvuke la Migori likisomwa na waliolipika, usingoje miaka mingi. Nenda baada ya mavuno, omba ruhusa ya mwenye bani, na uingie mchana. Ukipewa jani la katikati la rangi ya chungwa, lenye vidoadoa, linalofunguka polepole kiganjani na lisilo na hata chembe ya moshi, umeshika kazi bora kabisa ya kaunti hii. Linuse, lirudishe kwenye ufito, na umwambie aliyelipika ni la daraja gani.