Pongezi kwa Bwana Mifugo

Kutoka Uyole hadi Kalenga, katika nyanda za Mbeya na Iringa ambako baridi ya Juni haina staha, bwana mifugo hujulikana kwa chanjo za ng'ombe na kuku. Lakini fadhila yake iliyo adhimu kwangu huidhihirisha aitwapo kwa ajili ya sungura mkongwe, aliyenusuriwa zamani na kufugwa kwa mapenzi matupu. Mnyama huyu husitiri maumivu, kwani porini dhaifu ndiye aliwaye kwanza. Meno yake huota maisha yake yote, na akisusa chakula hata kwa siku moja tu, matumbo husimama na uhai huingia hatarini. Kuyabaini hayo, kisha kumweleza mwenyewe, bila dhihaka (majirani hawakosi kucheka), kwamba dawa haifai tena na kwamba rehema iliyobaki ni kumpumzisha bila adhabu, ni elimu na muruwa kwa pamoja. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 hukataza ukatili; upole haukuandikiwa kifungu. Tafadhalini, wafugaji, mwiteni mapema, mnyama angali anakula.