Nisba na Fuko: Maoni juu ya Usomaji wa Majina ya Pwani ya Kusini

Ni mazoea ya siku nyingi miongoni mwa wanahistoria wa pwani kuyasoma majina kana kwamba ni hati za safari. Mtu akijiita Mshirazi, mtaalamu hufungua ramani akautafuta mji wa Uajemi. Mapokeo ya Vumba yaliyochapishwa na A. C. Hollis mwaka 1900 yamesomwa mara nyingi kwa namna hiyo. Neville Chittick naye, mwaka 1965, alishughulikia zaidi tarehe na njia ya wahamaji kuliko maana ya jina lenyewe. Ni Thomas Spear, mwaka 1984, aliyeonyesha kwa hoja nzito kwamba masimulizi ya Kishirazi ni kauli za Waswahili wenyewe juu ya jamii yao, wala si kumbukumbu tupu za majahazi.

Nakubaliana na Spear. Hata hivyo mjadala wote huo, ukiwamo wake, umeandamana na nisba, na nisba hufuata baba. Hapo ndipo penye kasoro. Tutokapo Vanga tukapanda bara hadi Lunga Lunga, twajikuta kwa Wadigo, ambao kwa jadi mtu huingia katika fuko la mamaye, na mali ya mjomba ilikuwa ikirithiwa na mpwa. Uislamu na mahakama vimelegeza desturi hiyo, lakini havikuifuta. Mdigo huyo huitwa Fulani bin Fulani. Fuko lake halimo katika jina, na mtafiti aliyeshika daftari la majina hupata nusu tu ya nasaba.

Huenda mtu akatutajia Wahispania. Nao wana majina yafananayo na yetu: Fernández ni mwana wa Fernando, Toledo ni mji, mfano wa nisba kabisa. Tena wao huandika jina la baba likifuatwa na la mama. Lakini jina hilo la mama, tukilichunguza, ni la babu mzaa mama. Kwa desturi, kizazi cha pili hulipoteza. Fuko, lisiloandikwa popote, limedumu kuliko hilo.

Wala jambo hili si la maktaba peke yake. Lunga Lunga ni mpakani, na ofisini jina husomwa kuwa asili, asili ikasomwa kuwa uraia. Wamakonde wa Kwale, wenye vizazi kadhaa katika Kenya, iliwabidi mwaka 2016 kushika njia ya Nairobi kwa miguu ili wapewe vitambulisho. Wapemba hawakutambuliwa hadi mwaka 2023. Tuseme mtoto amezaliwa hapo, baba Mpemba na mama Mdigo. Kwa jina alilopewa, karani angemhesabu mgeni. Kwa fuko la mamaye, wazee wangemwonyesha makaburi ya wahenga wake.