Adui wa Mzigo ni Nafasi

Kazi ya kupaki spea haina mashabiki. Fundi akifufua injini iliyokufa, mtaa mzima hupata habari. Aliyeifunga injini hiyo ikavuka bahari salama hakumbukwi na mtu, maana kazi yake ikifana hakuna kinachotokea. Kwangu mimi huyu ndiye bingwa.

Sydney ina watu wa aina hiyo, katika yadi za kuchinjia magari magharibi mwa jiji. Waaustralia huendesha upande wa kushoto kama sisi wa Afrika Mashariki, usukani ukiwa kulia, na magari wanayoyachosha ni yale yale tunayoyataka: Land Cruiser, Hilux, Hiace. Injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, iliyozunguka majangwa ya huko, ndiyo hiyo hiyo inayopeleka watalii Serengeti. Njia nayo ipo. Makontena huingia Port Botany yamejaa bidhaa za viwandani na mengi huondoka matupu, hivyo mwenye mzigo wa kutoa hakosi sanduku.  

Mpakiaji hodari huanza na uchafu. Hufungua nati ya sampu, akaacha oili ichuruzike hadi tone la mwisho, kisha humwaga maji ya kupozea. Matundu yote huzibwa kwa vifuniko vya plastiki, si kwa matambara, kwa kuwa tambara hunywa unyevu na kuutunza. Nyaya hazikatwi. Huchomolewa soketi moja moja, zikakunjwa na kufungwa juu ya injini. Zikikatwa, fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, atapoteza siku nzima akibahatisha rangi.

Halafu linakuja swali linalomtenga hodari na mbabaishaji: injini itakaa juu ya nini? Sampu ni bakuli la bati au aluminiamu lililoumbwa kubeba oili, si kubeba injini. Ikikalia hapo itafika imebonyea au imepasuka, na bati likibonyea huziba mdomo unaofyonza oili. Mnunuzi hataligundua hilo mpaka siku ya kuwasha. Hodari huchonga kitako cha mbao, uzito ukaangukia sehemu zile zile zinazoishika injini ndani ya gari, sampu ikabaki hewani. Ndipo mikanda inapokazwa.

Watu hudhani mzigo huvunjwa na uzito. Huvunjwa na nafasi. Mwongozo wa kupakia makontena uliotolewa 2014 na mashirika ya kimataifa ya bahari (IMO) na ya kazi (ILO), pamoja na tume ya Umoja wa Mataifa ya uchumi wa Ulaya, unamtaka mpakiaji ahesabu kwamba, kwenye bahari chafu kabisa, mzigo utasukuma upande kwa nguvu inayofikia asilimia 80 ya uzito wake. Giaboksi ya kilo 100 itausukuma ukuta kama kilo 80, ikienda na kurudi usiku na mchana. Ipe shubiri moja ya kukimbilia, haisukumi tena; inagonga.

Kwa hiyo spea hupangwa kama nahodha wa jahazi anavyopanga shehena, vizito chini na vyepesi juu. Injini na difu hugawanywa sakafuni ili upande mmoja usielemewe. Milango husimama wima, ikitenganishwa kwa maboksi. Kioo cha mbele hakilazwi kamwe. Viti, ambavyo pengine havitauzwa kwa bei ya maana, hapa ndivyo vinavyoziba mianya.

Kisha kuna maji yasiyotoka baharini. Kontena likifungwa Sydney Julai, wakati wa baridi, hubeba hewa yake na unyevu wa mbao zake hadi joto la tropiki, na huenda likasubiri meli ya pili Singapore au Colombo. Mchana bati hupata moto na mbao hutoa mvuke. Usiku bati hupoa, mvuke ukageuka matone darini na kudondokea chuma kitupu. Dawa ni mbao kavu, mafuta ndani ya silinda, na mifuko ya chumvi inayonyonya unyevu.

Sheria nazo hazichezewi. Mbao za vitako ziwe zimepashwa moto hadi kiini kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, zikagongwa muhuri wa suke la ngano. Mifuko ya hewa ya usukani ni mzigo wa hatari, haifichwi viti­ni. Na tangu Julai 1, 2016, kontena ambalo uzito wake haujathibitishwa halipandi melini.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mpakiaji ana kila sababu ya kuuona mwepesi hivyo. Mpakiaji hulipwa kabla kontena halijafunguliwa, na atakayelifungua yuko Dar es Salaam au Mombasa, hajui hata jina lake. Hakuna anayemlazimisha kukunja nyaya vizuri. Anazikunja.

Basi wewe unayeagiza, usiishie kuuliza bei ya injini. Omba picha ya kontena milango ikiwa wazi, kabla halijatiwa sili, na uangalie mianya kwanza. Ukiona sampu haijagusa sakafu, mlipe mtu huyo anachodai.